Rimu za sport, mvua, na ndinga isiyoshikika: tatizo unaanza kulitafuta wapi

Wakuu, vuli ikianza tu hapa Dar simu nazo zinaanza, "kaka nimefunga rimu za sport mwezi uliopita, sasa mvua ikinyesha gari haishikiki kabisa, hizi rimu feki nini?" Mi huwa nauliza kwanza, rimu inagusa lami? Haigusi. Kinachogusa lami ni tairi, vipande vinne vyenye ukubwa wa kiganja hivi, basi. Ila ukibadilisha rimu hujabadilisha rimu peke yake, umebadilisha upana wa tairi, kimo chake, upepo, mahali tairi inaposimama kwenye habu (kitovu cha gurudumu kinachobeba rimu), nati, na mara nyingi siku hiyo hiyo umeshusha na springi maana fundi kakwambia bila kushusha haipendezi. Vitu sita kwa mpigo, halafu unataka kujua kipi kimeharibu. Ndo maana unakuta mtu anauza rimu nzuri kabisa kwa hasira.

Yamenikuta mwenyewe. Nina Toyota Altezza RS200, kutoka kiwandani ilikuja na rimu inchi 17 upana 7, ofseti 50 (milimita kutoka katikati ya rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu, namba ikipungua tairi inatoka nje), tairi 215/45R17 zote nne (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17). Nikafunga za mtumba inchi 18 upana 8.5 ofseti 35, mbele tairi 225/40, nyuma 245/35, na springi nikakata (usinicheke, nilikuwa na haraka na hela haikutosha springi za maana). Kiangazi chote gari ilikuwa tamu. Mvua ya kwanza mwezi wa kumi natoka Tegeta naelekea Mwenge, nipo kwenye 80 hivi na najua haikutakiwa, nikaingia kwenye maji yaliyotuama upande wa kushoto, usukani ukavutwa, halafu ukawa mwepesi kama umekatika, halafu mkia ukaanza kuja. Sikugonga kitu. Nilipaki pembeni nikakaa dakika kumi nasikiliza waipa tu. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba yale yalikuwa matatizo matatu tofauti yaliyonipata ndani ya sekunde mbili.

Kwa hiyo usianze na rimu, anza na swali la lini. Inatokea kwenye maji yaliyosimama, au kwenye lami iliyolowa tu? Ukiwa kasi, au hata 30? Ukishika breki? Au mvua ikishakatika? Ukinijibu hayo vizuri nusu ya kazi imeisha.

Usukani unakuwa mwepesi ghafla, injini inapandisha mlio, gari kama imepaa

Hiyo ni kuelea. Maji yameingia chini ya tairi yamekosa pa kutokea, tairi imepanda juu yake. NASA miaka ya 60 walipochunguza matairi ya ndege walipata hesabu moja rahisi sana, chukua upepo wa tairi kwa psi (kipimo cha presha), tafuta kipeuo chake cha pili (square root), zidisha kwa 16.6, unapata kasi ya kilomita kwa saa ambayo tairi inaanza kuelea. Psi 32 inakupa kama 94. Psi 24 inakupa kama 81. Hesabu hiyo ni kwa tairi kipara, au maji yakiwa mengi kuliko mifereji ya tairi inavyoweza kuyabeba, ukiwa na meno ya kutosha unapata nafuu. Lakini angalia tofauti hiyo, psi nane tu zimekula kilomita 13.

Sasa hapa ndo rimu za sport zinapotuponza kimya kimya. Tairi yenye ukuta mwembamba, 40 au 35, ikipungukiwa upepo haionekani kwa macho. Tairi ya 65 ikiwa na psi 22 utaiona imebonyea, ya 35 inakuangalia tu iko vile vile. Yangu ya nyuma kushoto ilikuwa na 23, rimu ya mtumba ilikuwa na kijiufa pembeni inavuja taratibu, mi naipiga teke asubuhi naona ngumu naondoka. Nunua kipima upepo chako, upime asubuhi kabla gari haijatembea, na fuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva au nguzo yake. Kile cha magari ya Japani kimeandikwa kPa, 220 ni kama psi 32 na 230 ni kama 33. Kama saizi ya tairi umebadilisha kibandiko ni pa kuanzia tu, unaweza kuhitaji kuongeza kidogo. Na usimwachie fundi pancha ajaze anavyojua yeye, wengi wanapiga 40 kwa kila gari, hapo kuelea kutapungua ila kwenye lami iliyolowa kawaida tairi inakanyaga kwa katikati tu, gari inarukaruka na kushika kunapungua.

Cha pili ni upana. 245 nyuma inapendeza, nakubali, ila tairi pana ina maji mengi zaidi ya kufukuza kwa muda ule ule, na gari yenyewe uzito haujaongezeka. Muulize mvuvi yeyote pale Kunduchi, kitu kipana ndo kinaelea. Kwa gari ya uzito wa Altezza au Subaru Impreza sioni sababu ya kwenda 245 kama hukimbizi mashindano, 215 au 225 inatosha sana.

Cha tatu meno. Kwenye mifereji mikubwa ya tairi kuna vijituta vidogo, pembeni ya ukuta wameweka alama ya TWI kukuonyesha vilipo, tairi ikilingana navyo imebaki milimita 1.6 tu. Tairi mpya inakuwa na kama 8. Mi nikifika 3 naanza kutafuta hela, sisubiri 1.6, maana kiangazi hutaona tofauti yoyote ila masika utaiona. Na ukague UPANDE WA NDANI. Gari iliyoshushwa tairi inalala juu ndani, mafundi wanaita kemba, inaisha ule upande usiouona. Zangu nje zilikuwa na milimita 5 safi kabisa, kuingia chini na tochi nakuta ndani kipara kabisa, waya unakaribia kuchungulia. Kata usukani mpaka mwisho kwa tairi za mbele, kwa za nyuma lala chini, hakuna njia ya mkato.

Na dakika moja ya bure: kama tairi ina mshale umeandikwa ROTATION, mshale uelekee mbele. Ikifungwa kinyume mifereji inasukuma maji kuja katikati badala ya kuyatoa nje. Zenye neno OUTSIDE, hilo neno lionekane ukisimama pembeni ya gari. Nimeshaona gari ya mtu imekaa miezi saba upande mmoja sawa, upande mwingine kinyume.

Ikikupata uko barabarani, achia mafuta taratibu, usukani shikilia ulivyo, breki usikanyage kwa hofu. Tairi itashuka yenyewe, na ikishuka usukani uwe umenyooka, ukiwa umeukata utarushwa.

Mkia unafyatuka kwenye kiplefti, mwendo wenyewe 30 tu

Hapa hakuna kuelea, maji hayapo ya kutosha na kasi haipo. Hapa tatizo ni mpira wenyewe au jiometri.

Kwanza tairi za mtumba kutoka Japani. Nyingi zinakuja na rimu juu, ndo bei yake inatamanisha. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, 3514 maana yake wiki ya 35 mwaka 2014. Mpira wa miaka kumi unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule, meno yamejaa ila haushiki. Bonyeza kwa ukucha, usipoingia hata kidogo mjue mnaenda kuteleza. Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui, tairi za theluji. Japani wanazo msimu wa baridi, zimeandikwa STUDLESS ubavuni, majina kama Blizzak au iceGUARD ni ya theluji hayo. Meno yake yamekatwakatwa vistari vidogo vingi sana, ukiziona unasema hii itashika mvua vizuri. Wapi. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu, kwenye lami ya Dar yenye joto unacheza kama ndala iliyokatika mkanda, na kwenye mvua zinachelewa kusimama na mkia unatembea. Ukizikuta kwenye rimu ulizonunua, rimu chukua, tairi toa.

Pili, umechanganya. Mbele mpya, nyuma zilizoisha. Karibu kila mtu hapa mjini akinunua tairi mbili anaweka mbele, "ndo zinaendesha usukani". Kwenye mvua ziwekwe nyuma, hata kwa gari inayovuta mbele. Mbele ikiteleza gari inanyooka, unapunguza mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza gari inazunguka, na wengi wetu hatujui kuirudisha, tusidanganyane kwa sababu ya video za drifti. Kama saizi mbele na nyuma ni tofauti kama nilivyofanya mimi hata hiyo huwezi, zikiisha nyuma zimeisha.

Tatu, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) ya NYUMA. Ukishusha gari, tairi za nyuma zinaweza kufungua pua kwenda nje kidogo, milimita mbili tatu tu. Kiangazi unaona gari "inakata kona vizuri", mvua ikija ile ile inakuwa mkia kufyatuka ukiachia mafuta katikati ya kona. Ukienda alaimenti muulize fundi kama mashine yake inapima magurudumu manne, wengi wanarekebisha mbele tu wanakupa karatasi unaondoka na furaha. Kwangu kukata springi ndo kulikofanya hivi, na springi iliyokatwa inapiga mwisho kwenye shimo, tairi inanyanyuka lami kwa sekunde ndogo, kwenye maji hiyo sekunde ndogo inatosha.

Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni shetani mwingine. Vumbi, oili na dizeli iliyodondoka miezi mitatu vinapanda juu vinakuwa kama mlenda, na kwenye viplefti ndo pabaya zaidi, malori na daladala yakizunguka na tanki limejaa yanamwaga. Hata gari mpya kutoka shoruumu itateleza hapo. Kabla hujalaumu chochote subiri mvua ioshe lami nusu saa, kisha upime tena.

Usukani unavutwa upande ukipita dimbwi, au gari inafuata mabonde ya lami yenyewe

Hii ndo kweli ya rimu, tena ni ofseti. Rimu ya ofseti 35 badala ya 50 inahamisha katikati ya tairi milimita 15 kwenda nje. Ukiongeza spesa (bati la kati ya rimu na habu) ya milimita 10 inakuwa 25. Usukani unazunguka kwenye mstari mmoja unaopita kwenye boljointi kushuka chini, tairi ikikaa mbali na mstari huo maji yakiigonga tairi ya kushoto yanapata mkono mrefu wa kuvuta. Sawa na spana, ndefu inafungua nati kirahisi kuliko fupi. Ukiwa na ofseti ya kiwandani utasikia dimbwi, ukiwa na 25 nje utanyang'anywa usukani.

Barabara ya Morogoro kuanzia Kibaha kwenda Chalinze, kule malori yamechimba lami pakawa na mitaro miwili, mvua ikinyesha mitaro inajaa maji. Tairi pana yenye ukuta mgumu inafuata kingo za mtaro, gari inatembea kama reli. Dawa yangu kule ni kukaa pembeni kidogo ya mitaro pale panaporuhusu, na kushuka mpaka 60, anayepiga honi nyuma apite.

Kabla hujauza rimu kagua bushi za kontroo amu, boljointi na tairodi. Zilizochoka zilikuwa zinavumilia rimu za zamani, ofseti mpya imezifichua. Na pima upepo kushoto na kulia, tofauti ya psi 5 tu inatosha kuvuta.

Breki zinachelewa kushika, au taa ya ABS imewaka

Rimu za kiwandani nyingi zimefumba kiasi, za sport zina spoku nyembamba na matundu makubwa, diski inaonekana yote, inapendeza, na inalowa yote. Kanyago la kwanza baada ya maji mengi linakuwa kama halipo, la pili linashika. Ukitoka kwenye maji gusa breki kidogo huku unatembea, diski ikauke kabla hujaihitaji. Ikizidi, angalia yale mabati membamba nyuma ya diski, mafundi wanayatoa yakipiga kelele au yakigusa kitu, wanakwambia hayana kazi. Yana kazi.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki) ikiwaka siku mbili baada ya kufunga rimu, nenda moja kwa moja kwenye waya wa sensa nyuma ya gurudumu, umevutwa au tairi pana inaukwaruza. Kisha piga hesabu ya kimo. 215/45R17 ina kipenyo cha kama milimita 625. 225/40R18 ni 637, asilimia 2 hivi, inavumilika. 235/40R18 ni 645, asilimia 3, mi siendi huko. 215/40R18 ni 629, hiyo ndo karibu kabisa na ya kiwandani. Mbele na nyuma zikitofautiana sana ABS inadhani gurudumu moja linateleza wakati halitelezi.

Wenye Subaru nyie ndo msifanye mchezo kabisa. Inaendesha magurudumu yote manne, mzingo wa tairi ukitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi difu ya katikati inafanya kazi muda wote, inachemka, mwishowe inakaza, na gari iliyokaza katikati kwenye mvua pua inakataa kukata kona. Tairi mbili mpya mbili kuukuu kwenye Forester ni hela umetupa. Nunua nne.

Mvua imekatika, kesho yake gari inatetemeka kuanzia 80

Hii inanichekesha kila mwaka. Mtu anakwenda balansi, analipa, inatulia, mvua nyingine, inatetemeka tena, anabadilisha gereji. Kumbe ni tope. Rimu pana zina bakuli kubwa kwa ndani, tope la barabara za mtaani linaingia linakaukia upande mmoja. Ingiza mkono au pitisha mpira wa maji wenye nguvu kwa ndani, uone. Kama haikuwa tope ndo ufuate mengine.

Habu ya Toyota nyingi ina kipenyo cha milimita 60.1, Subaru 56.1, rimu nyingi za sport zinatoboliwa tundu la katikati 73.1 ili zikae gari nyingi. Nafasi inayobaki inazibwa na ringi ya plastiki au aluminiamu, fundi mvivu hakuwekei, rimu inaning'inia kwenye nati tu. PCD nayo (idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake), 5x112 ya magari ya Kijerumani inalazimika kuingia kwenye 5x114.3 ukikaza kwa nguvu, inaingia kabisa na unaondoka nayo, na siku ikitoka itatoka ukiwa barabarani. Usikubali hata kama umeshalipia.

Na nati. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani miaka ile zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, rimu za sport zinataka nati ya koni. Mahali niliponunua zangu walinirudishia zile zile bapa, koni kwenye rimu ipo tupu, nati inakanyaga kwenye kingo tu. Baada ya wiki nikasikia tik tik tik nikikata kona, nikadhani ni beringi. Nati tatu zilikuwa zinageuka kwa mkono! Nilivyorudi kuwaambia wakasema "bosi ulipaswa kuomba nati". Haya. Toyota ni uzi wa 12x1.5, Subaru 12x1.25, zisichanganywe, kaza kwa spana ya kupima kwenye 103 Nm kwa Toyota, na rudia kukaza baada ya kilomita 100.

Ukiwa na Jumapili moja tu

Anza na vya bure. Osha ndani ya rimu, pima upepo, soma DOT, angalia mshale, chungulia upande wa ndani wa tairi na tochi, jaribu nati. Hapo kwa ninavyoona mimi wengi wanapata jibu. Haujapata, alaimenti ya magurudumu manne. Haujapata, bushi. Haujapata bado, ndo uguse ofseti na upana. Na badilisha kitu kimoja, tembea nacho mvua mbili tatu, kisha kingine, ukibadilisha vitatu pamoja umerudi pale pale ulipoanza. Kujaribu kwenyewe tafuta eneo la wazi lisilo na watu, 30 au 40 inatosha kusikia.

Yangu iliishia hivi: springi zimerudi za kawaida, ile rimu yenye ufa nimetupa nikapata mwenzake, nati za koni, tairi 215/40R18 mpya zote nne japo kwenye rimu ya 8.5 inavutika kidogo na kingo ya rimu inajikuna ukipaki vibaya. Mkia umetulia, kuelea sijapata tena. Ila ofseti ni ile ile 35, na nikipita dimbwi la kushoto usukani bado unanivuta, kwa hiyo nipo natafuta rimu upana 7.5 ofseti 45, mwenye nazo asinipige bei ya kizungu.